Maji ya Mhunzi

Majirani zangu wa Kasulu, na ninyi wa Kibondo mnaopita hapa na mizigo yenu, kaeni mnywe chai kwanza. Ninalotaka kulisema wengi wenu mnalijua nusunusu, kila mtu na nusu yake, na nusu hizo zimeanza kugombana mitaani. Mimi nililiona lote, kwa sababu kibanda changu cha chai kinatazamana na lango la karakana ya Theonest. Naitwa Mwatumu, kwetu Ujiji. Mume wangu aliletwa huku na serikali kufundisha shule, akastaafu, tukabaki. Waha wamenizoea, ijapokuwa hadi leo wanasema Kiswahili changu kina maringo. Nami nawaambia bora maringo kuliko kusema kwa kukwaruza.

Mnaijua Kasulu ya mwezi wa sita. Ukungu unakaa juu ya migomba hadi jua lipate nguvu, na wateja wangu wanashika vikombe kwa mikono miwili bila kunywa, wanaota joto tu. Asubuhi kama hizo nilikuwa nawatazama wa ng'ambo ya barabara. Winifrida, mke wa Theonest, anafagia mbele ya karakana. Bibi Ndayikunda, mama yake Theonest, amekaa kwenye kigoda na mjukuu wake Benita mapajani, wote wawili wamejifunika kitenge kimoja. Kisha Theonest anafungua lango, anasema "Mwakeye," salamu ya Kiha, kwa kila anayepita, na mashine inaanza kuvuma. Ilikuwa nyumba ya kutamanisha.

Na hiyo mashine niacheni niisifu, kwa maana imetupa jina. Zamani ukitaka geti zuri uliagiza Mwanza, likafika limepinda. Theonest akachomelea vitanda na madawati miaka na miaka, akajibana, akaagiza mashine ya plazma iliyokwisha kutumika huko Ulaya. Inakata chuma kwa moto wa umeme, inafuata mchoro yenyewe, chuma kinachanika kama kanga mpya. Geti la kanisa kule Kibondo, lenye majani ya migomba na ndege, limetoka hapa. Watu wanasimama njiani wanapigia picha. Nami huwaambia wageni, "Hilo ni la kwetu," utadhani nililikata mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo lenyewe liko hapa. Chini ya chuma kinachokatwa, mashine ile ina beseni pana la bati lililojaa maji. Cheche, moshi na vumbi la chuma vinazama humo badala ya kuingia kifuani mwa fundi. Ni kitu cha akili sana. Wakati inafungwa alikuja fundi kutoka Mbeya, kijana mrefu anayeitwa Lusajo, akala maandazi yangu wiki nzima. Siku ya mwisho alikuta madumu ya bluu yaliyokuja pamoja na mashine. Nilikuwa pale nimepeleka chai.

"Hii ni kulanti," Lusajo akasema. "Kule ilikotoka, kipindi cha baridi maji yanageuka jiwe, beseni linapasuka. Kwa hiyo wanachanganya hii ili yasigande. Hapa huihitaji. Weka maji safi na dawa ya kuzuia kutu, yakichafuka badilisha, na tope la chuma la chini ulitoe."

"Wewe hujaamka na baridi ya Kasulu," Theonest akamwambia akicheka.

"Kaka, mimi natoka milimani Uporoto. Hii mnayoiita baridi sisi tunailalia bila blanketi. Umeona lini maji yameganda hapa?" Kisha akaacha utani. "Na hii ni sumu, Theo. Mdomoni ni tamu, ndani inaua figo. Ifungie mahali, na usiimwage ovyo."

Theonest akaitikia. Lusajo akapanda basi akaenda zake. Mwezi wa saba ulipoingia na ukungu wake, Theonest akafungua madumu yale akayamimina kwenye beseni, yote. Nilimuuliza kama amesahau alichoambiwa. Akanijibu, "Bi Mwatumu, nimenunua mashine ya Ulaya, nitailisha chakula cha Ulaya." Wateja wangu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Na mimi nilicheka.

Lingeishia hapo, lingekuwa ujinga wa kawaida tu. Lakini Theonest ni mjukuu wa mhunzi. Babu yake alifua majembe ya Waha kwa mivukuto ya ngozi, na jembe likiwa jekundu alilizamisha katika mtungi wa maji, likapiga kelele, likawa gumu. Yale maji hayakumwagwa. Mtoto akitoka vipele aliogeshwa nayo. Mtoto akichelewa kutembea aliogeshwa miguu, akanyweshwa kidogo, ugumu wa chuma uingie mifupani. Wenyewe wanayaita maji ya mhunzi. Sisemi yanaponya wala sisemi hayaponyi, mimi ni mtu wa ziwani. Nasema tu kwamba babu alikuwa na maji na chuma peke yake mle mtungini.

Basi siku moja akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Nyakitonto, na chupa yake. Alisikia kwamba uhunzi umerudi katika ukoo ule. Akapiga goti mbele ya Theonest, akamwita mhunzi, akaomba maji kwa ajili ya mjukuu. Nilimwona Theonest anavyosimama. Kifua kilimjaa. Mtu huyu aliitwa fundi maisha yake yote, na fundi hata wa baiskeli anaitwa fundi. Mhunzi lilikuwa jina la babu yake, na hakuna aliyempa mpaka siku ile. Alichukua chupa, akaijaza mwenyewe kwenye beseni, akampa kwa mikono miwili.

Wakaja wengine. Wakaja wa Kitanga, wakaja wa huku huku mjini. Bibi Ndayikunda akawa anawaelekeza namna ya kutumia, kama alivyoona kwa baba mkwe wake, na uso wake uling'aa kwa fahari. Kuna waliosema maji haya ni matamu kidogo, ya babu yalikuwa na ladha ya kutu, kwa hiyo haya yana nguvu zaidi. Nami nilikuwa nakoroga chai, sikuwaza.

Halafu mbuzi wangu akafa. Beseni lilikuwa linavuja tone tone kwenye mtaro, na mbuzi wangu jike, mwenye mimba, akapata mahali pa kulamba. Aliyumba kama mlevi, akalala, hakuinuka. Theonest alikuja mwenyewe kunipa pole. Alimtazama yule mbuzi, akatazama mtaro, akatazama mbuzi tena.

"Amekula nailoni," akasema. "Hawa wanakula nailoni sana."

Hakunitazama usoni. Kesho yake nikamwona ameinama chini ya beseni anaziba tundu. Tangu siku hiyo, mtu akija na chupa alimnong'oneza, "Ya kuogea tu, msinywe." Nusu ya kweli, jamani. Na hata nusu hiyo hakumpelekea mama yake, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu kunywa. Angemwambia mama "ni sumu," mama angewaambia wote, na jina la mhunzi lingekwenda na maji. Alilipenda mno jina lile. Ndiyo maana nasema ugonjwa wa nyumba hii ulikuwa kupenda sifa, na kulanti ilikuja kuupa tu mahali pa kukaa.

Benita, mtoto wao, alikuwa amepita mwaka na miezi yake, meno mdomoni, maneno mdomoni, lakini hatembei. Anasimama akishika gongo la bibi, basi. Jumapili moja, karakana imefungwa, Theonest kaenda kupima geti la mteja na Winifrida yuko kanisani, bibi aliingia karakana kwa mlango wa uani na kikombe, akachota. Nani amlaumu? Wajukuu wa watu wanatoka Nyakitonto kufuata maji ya nyumbani kwake, na wa kwake mwenyewe yuko mapajani hajapata. Akamwosha miguu kwa upole, akamnywesha. Benita akayapenda, maana ni matamu. Akanyoosha mkono akaomba tena. Bibi akafurahi, akamwongeza.

Winifrida aliporudi alimkuta mtoto shingo imelegea, macho yanacheza, anatapika. Alivuka barabara na mtoto mgongoni bila kutazama magari. "Bi Mwatumu, nifuate," akasema, wala hakusimama. Niliacha maandazi kwenye mafuta, nikazima moto kwa maji, nikamshika bibi mkono tukamfuata.

Hospitali tulimkuta Daktari Herieth, yule binti wa Kilimanjaro aliyepangiwa hapa. Alipima malaria, hakuna. Mtoto alikuwa anapumua harakaharaka, tumbo linaingia ndani. Daktari akauliza amekula nini, amekunywa nini.

"Maji ya mhunzi," Bibi Ndayikunda akajibu kwa Kiha, Winifrida akafasiri. "Ni dawa. Hata baba yake alikunywa akiwa mdogo."

Wakati huo Theonest akaingia, amekuja mbio, jasho linamtiririka. Na pale ukumbini, kwenye mabenchi, walikuwepo watu wengi, wakiwemo akina mama wawili waliowahi kuja kwake na chupa. Walimwamkia. "Mhunzi, pole." Kwa mara ya kwanza nilimwona anapokea jina lile kama mtu anayepokea kofi.

Daktari akamgeukia. "Wewe ndiye baba? Kwenye hayo maji kuna nini? Sema upesi, nikijua nitajua la kufanya."

Theonest akatazama mabenchi. "Maji tu," akasema. "Na vumbi la chuma."

"Hakuna kingine? Dawa yoyote? Mafuta?"

Macho yakamrudi kwenye mabenchi. Hapo roho yangu ilichemka, nawaambia kweli. Nikamwona mbuzi wangu, nikamwona yule mtoto, nikamwona mwanamume mzima anahesabu nani anamsikia. Nikasogea mbele yake, nikamuuliza taratibu, kila mtu akisikia:

"Theonest, mbuzi wangu alikula nailoni?"

Alinitazama. Kisha akageuka akasema kwa sauti, siyo kwa daktari peke yake, kwa ukumbi mzima.

"Kuna kulanti. Ni dawa ya kuzuia maji yasigande. Ni sumu, inaua figo. Niliambiwa. Nilijua, nikanyamaza."

Bibi Ndayikunda hakuhitaji mfasiri. Alikaa chini sakafuni, pale pale, akaweka mikono kichwani.

Lakini daktari hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alipojua ni kulanti, mikono yake ilikwenda bila kusita. Dawa mahususi ya sumu ile hapa haikuwepo, kwa hiyo alitumia spiriti ya hospitali aliyoipima na kuichanganya mwenyewe, ili kuizuia sumu isiendelee na kazi yake, huku akipiga simu hospitali kubwa kuandaa mashine ya kusafisha damu. Na ninyi msije mkatoka hapa mkampa mtoto pombe nyumbani mkasema Mwatumu kasema. Ile ni kazi ya daktari na vipimo vyake. Alimwambia Theonest, "Umechelewa kusema, lakini umesema. Ungeondoka na siri yako, ningekuwa namtibu nimonia mpaka afe."

Gari la wagonjwa likaja. Theonest akashika mlango ili apande. Winifrida akamzuia kwa mkono kifuani. Ni mwanamke wa maneno machache, na maneno yale nayakumbuka yote.

"Huyu nitakwenda naye mimi," akasema. "Wewe nenda kwa watoto wa wenzako. Chupa ziko majumbani mwao."

Theonest akabaki amesimama njiani, gari linakwenda na mtoto wake. Nilidhani atakaa chini alie. Aliangalia vumbi likitulia, akanigeukia. "Bi Mwatumu, msikitini kwenu kuna kipaza sauti?"

Kilikuwepo. Nilikwenda kukiomba mwenyewe, na kanisa likatoa betri. Akapanda bodaboda, kipaza sauti mapajani, dumu tupu limefungwa nyuma. Alianza hapa mjini, akaenda Nyakitonto, akaenda Kitanga, kitongoji kwa kitongoji. Niliyasikia maneno yake hapa kabla hajatoka, na wa huko wanasema hakuyabadilisha hata moja:

"Ni mimi Theonest, mjukuu wa mhunzi. Maji niliyowapa yana sumu. Nilijua, nikawaficha kwa sababu nilipenda mlivyoniita. Wa kwangu ameyanywa, yuko hospitali, sijui kama atapona. Msinywe, msiwaogeshe watoto, msimwage mtoni wala kwa mifugo. Nileteeni mimi hapa. Aliyekunywa apelekwe hospitali sasa hivi."

Watu wakatoka na chupa zao. Wengine walizitoa sandukuni, zimefungwa kwa kitambaa. Mzee mmoja wa Kitanga alimtemea mate miguuni, Theonest akasimama hapo hapo akapokea chupa yake na kusema asante. Mtoto mmoja wa Nyakitonto alipatikana amekunywa kijiko jana yake, akapelekwa kwa Daktari Herieth, akazuiwa hapo mpaka mkojo wake ulipoonekana uko sawa, akarudi kwao. Yule mama mtu mzima aliyekuwa wa kwanza kuja na chupa, wa kwake aliogeshwa tu. Alimrudishia Theonest chupa ikiwa karibu kujaa. Akamwambia, "Babu yako asingenifanyia hivi." Theonest akasema, "Kweli, mama. Asingekufanyia."

Sasa jamani, kosa ni kosa, na mimi mbuzi wangu sijamsahau. Lakini nimeishi na watu wengi, Ujiji na huku, na sijaona wengi wanaoweza kuzunguka vijiji na kipaza sauti wakijitangaza wenyewe huku mtoto wao yuko mahututi. Niliuonea fahari mtaa wangu siku ile, machozi yananitoka, chai inaungua.

Benita alikaa huko kwenye mashine mpaka figo zake zikaamka. Alirudi amekonda, macho makubwa, anataka uji kila saa. Theonest naye hakukaa kumngojea mikono mitupu. Alifunga karakana, akampigia simu Lusajo. Lusajo akaja na hasira zake zote, na maandazi yangu yalimtuliza kidogo tu. Wakavaa glovu na miwani, wakayatoa maji yale yote kwenye madumu yanayofungwa, wakayaandika SUMU kwa rangi nyekundu, wakachota tope la chuma nalo wakalifungia peke yake, wakawaita watu wa mazingira waje wavichukue. Hata tone moja halikuingia mtaroni. Sasa beseni lina maji safi na dawa ya kutu basi, lina mfuniko na kufuli, na wakati wa ukungu maji hayajaganda hata siku moja. Lusajo alimcheka kwa hilo mpaka akachoka.

Na mnajua nani analinda lango? Bibi Ndayikunda. Ameweka kigoda chake pale na gongo lake. Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka mbali, hakuwa na habari, ana chupa mkononi. Nilimsikia bibi akimjibu, na nikamwomba jirani anifasirie ili nipate yote.

"Maji ya mhunzi yalikwisha na baba mkwe wangu," alimwambia. "Hapa mhunzi yupo. Maji hayapo. Mtoto mpeleke kwa daktari."

Yule mgeni akawa bado anabisha, bibi akainua gongo kumwonyesha njia ya hospitali. Benita alikuwa amelishika gongo lile. Gongo likaenda juu, mtoto akabaki amesimama hana cha kushika. Akatutazama. Akavuka kizingiti cha karakana kwa miguu yake, akaenda mpaka kwa baba yake, miguu mikavu, haikuogeshwa na kitu. Theonest akazima mashine.

FUNZO LA HADITHI HII

Wazazi na mafundi, shikeni haya. Kazi ya mikono ni heshima, na Kasulu tunayo, tujivunie. Lakini kila mashine inakuja na hatari yake, na aliyeifunga akikwambia hiki ni sumu, usikitie ndani kwa sababu tu kimetoka Ulaya. Kulanti ni tamu na inaua mtu, mbuzi na mbwa. Maji ya beseni la kukatia chuma si ya kunywa, si ya kuoga, si ya kumwaga mtoni, hata yasipokuwa na kulanti. Yafungieni, yabadilisheni, na tope lake lipelekeni linakostahili.

Na kubwa kuliko hayo: watu wakikupa jina zuri, walipe kwa kuwaambia ukweli siku ile ile. Theonest alilipata jina la babu yake kwa chupa ya sumu, akalipoteza ukumbini, akalirudisha kwa kipaza sauti. Leo wanamwita mhunzi tena, na mimi nikiwa wa kwanza. Ila deni la mbuzi wangu bado lipo, nimemwambia Theonest anikatie geti la kibanda lenye picha ya mbuzi huyo, na amekubali.